Bahari nayo ina zamu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Moshi. Barua yake nimetumiwa na kaka yangu aliyeko Same. Aliipiga picha gazetini akanitumia kwenye simu, na chini yake akaandika: "Dada, soma hii, huyu kasema kweli tupu." Nimeisoma mara tatu. Msomaji huyo anaeleza jinsi wakulima wa bonde la Pangani wanavyogombania maji, mifereji inavyokauka kabla ya mpunga kubeba, na huku mto unaendelea kumwaga maji "yanayopotea bure baharini". Ushauri wake ni kwamba maji hayo yazuiwe yote huko juu, lisipite hata tone.

Shida aliyoieleza siipingi. Naijua, nimezaliwa ndani yake. Ninachokipinga ni maneno yale matatu, "yanayopotea bure baharini", kwa sababu hapo anaposema maji yanapotea ndipo ninapoishi.

Kwetu ni Bangalala, wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare Kusini. Mwaka 1981 niliolewa Pangani, mkoani Tanga, na tangu hapo nimelima minazi na migomba kandokando ya mto. Nimeshika jembe pande zote mbili, juu na chini, na naomba nisikilizwe kwa pande zote mbili.

Nianze na kwetu Bangalala. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee waliosimamia ndiva. Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare wamelijenga tangu enzi za mababu. Mfereji unatoka kwenye kijito mlimani, unazunguka na kona za mlima, unaingia ndivani. Maji hayaendi shambani moja kwa moja kwa sababu mfereji mdogo ukiachwa utiririke hivyo hivyo unanyonywa na ardhi kabla ya kufika mwisho wa tuta la kwanza. Yakikusanywa usiku kucha, alfajiri kizibo kikatolewa, yanatoka kwa nguvu na kufika mbali. Nikiwa mtoto nililala nikisikia yakiingia na niliamka nikisikia yakitoka, na mpaka leo masikio yangu yanajua tofauti ya sauti hizo mbili.

Juu yetu walikuwa watu wa Vudee. Wao walimwagilia mchana. Jua likizama walitakiwa kufungua, maji yashuke kwetu. Mchana wa kwao, usiku wa kwetu. Ndani ya kijiji nako kila shamba lilikuwa na siku yake, na aliyeiba zamu ya mwenzake alitozwa faini mbele ya wazee. Matope yakijaa ndivani ulipigwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu mwenye jembe au karai, na nyumba isiyotoa mtu haikupata maji mpaka ijieleze.

Mwaka mmoja wa njaa, nilikuwa darasa la nne, maji ya usiku yalikoma kuja. Siku tatu ndiva ilibaki tope. Usiku wa nne baba alichukua taa ya chemli akapanda mfereji kwa miguu peke yake. Alirudi asubuhi, suruali imelowa mpaka magotini, akakaa kimya mpaka mama alipomwekea uji. Ndipo akasema amemkuta mzee mmoja wa juu ameziba mfereji kwa majani ya mgomba na udongo, anamwagilia maharage yake kwa mwanga wa mwezi. Baba alipomuuliza, yule mzee alimjibu: "Nyie kule chini ni vumbi tupu. Maji yakifika kwenu yanapotea tu."

Kwa hiyo niliposoma barua ya msomaji wa Moshi, neno hilo halikuwa geni kwangu. Nimelisikia nikiwa na miaka kumi, likisemwa juu ya mahindi ya baba yangu.

Jambo lile lilimalizwa na wazee wa vijiji viwili waliokaa chini ya mti siku nzima, wakapima saa za mchana na za usiku upya, na maji yakashuka. Hakuna aliyeshinda. Maharage ya yule mzee yalipona na sisi tulivuna nusu ya kawaida.

Naona wengi wanaoandika juu ya mto huu wanaujua kipande kimoja tu. Wa Moshi anaujua Kikuletwa, wa Mwanga anaijua Nyumba ya Mungu, wa Korogwe anaujua darajani, nasi tunaujua mlangoni, unapoingia baharini. Hata majina yanabadilika njiani. Huko juu kuna Kikuletwa na Ruvu, Wazigua wanauita Luvu, yaani mto tu, na jina la Pangani limepanda kutoka kwetu pwani. (Ruvu huo usichanganywe na Ruvu ule wa Dar es Salaam unaomwaga maji yake Bagamoyo. Hiyo ni mito miwili tofauti, na nimeshasikia ikichanganywa redioni zaidi ya mara moja.)

Kikuletwa unakusanya mito ya Meru na ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, pamoja na chemchemi za tambarare kama za Chemka na Rundugai, ambazo hububujika hata mvua ikiwa imekoma kwa miezi. Ruvu unatoka mashariki ya mlima na Upare Kaskazini, ukipitia Ziwa Jipe lililoko mpakani, ambalo nalo linaletewa maji na mto Lumi kutoka upande wa Taveta, Kenya. Mito hiyo miwili inakutana Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa lililokamilika katikati ya miaka ya 1960. Chini ya bwawa mto unapita kwenye kinamasi cha matete cha Kirua, unaongezewa maji na Mkomazi unaobeba mvua za Upare na Usambara, kisha karibu na Korogwe unapokea Luengera. Halafu Hale, halafu maporomoko, halafu sisi. Bonde zima lina kilomita za mraba zipatazo 43,650, na kutoka mlimani mpaka baharini ni karibu kilomita 500.

Katika bonde hilo mvua haikugawanywa sawa. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa Kilimanjaro unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare ya Same inapata kama 500. Watu wengi wakitazama mlima wanadhani mto unatokana na ile theluji. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912 na inaniuma kila nikipita njia ile, lakini maji ya mto kwa sehemu kubwa kabisa yanatoka kwenye mvua na ukungu wa msituni. Anayetaka kuusaidia mto aanze na mti, si na barafu.

Siku nilipoletwa pwani kuolewa, tulipanda basi Makanya, baba akiwa pembeni yangu dirishani. Kutoka pale mpaka Mombo mto huuoni. Unaona mstari wa miti ya kijani kwa mbali upande wa kulia, na unajua upo. Tulipofika darajani Korogwe baba akanigusa bega akasema, "Yale ni maji yetu." Sikumwamini. Kijito cha kwetu kiangazi hakikufika popote, kiliishia mchangani huko chini ya Makanya. Akaniambia masika kinafika. Ndiyo, masika kinafika. Nilipokuwa nimeshazoea Pangani, kila nikiona maji ya mtoni yamegeuka mekundu mwezi wa nne, nilikuwa nawaambia wifi zangu kwamba huo ni udongo wa kwetu umekuja kunitembelea.

Mto wa huku nilifundishwa na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, Mungu amrehemu. Kwetu maji yanakwenda upande mmoja. Huku mto una saa zake, unajaa na kupwa pamoja na bahari. Siku za maji mafu bahari inasukuma kidogo tu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, inapanda mbali. Tena maji hayo mawili hayachanganyiki haraka. Maji matamu ya mto yanapita juu na ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, yanatambaa chini kwenye sakafu ya mto kama ulimi. Mavyaa alijua saa ya kuteka. Alisubiri maji yakupwe kabisa, akachovya kidole akaonja, ndipo akatumbukiza ndoo, tena juu juu, bila kuizamisha. Nilipozamisha yangu siku ya kwanza aliimwaga akaniambia nianze upya.

Kinachousukuma ulimi huo urudi baharini ni maji ya mto yenyewe. Hakuna kingine. Mto ukishuka na nguvu, chumvi inabaki mlangoni. Mto ukidhoofu, chumvi inapanda kuchukua nafasi iliyoachwa wazi.

Bavyaa, baba wa mume wangu, alichimba kisima uani kwetu kabla mimi sijafika. Mwaka 1981 tulipikia maji yake mwaka mzima. Baadaye ikawa miezi ya kaskazi, wa pili na wa tatu, chai inakuwa na ladha ya machozi. Kisha ikawa na mwezi wa tisa na wa kumi pia. Leo kisima kile ni cha kuoshea vyombo na kumwagia uani vumbi litulie. Maji ya kunywa nanunua kwa dumu. Minazi ya mstari wa mtoni, ambayo mume wangu alinionyesha kwa fahari siku ya tatu ya ndoa, ilianza kupungua dafu, halafu ikabeba nazi ndogo za ngumi, halafu vilele vikakauka. Nimehesabu 23 iliyosimama bila vichwa. Migomba iliondoka kabla yake, mgomba hausubiri.

Sitaki kuwatwisha watu wa juu mzigo wote. Bahari yenyewe inapanda, na hilo halikusababishwa na mkulima wa mpunga. Mikoko tumeikata wenyewe, kwa boriti, kwa kuni za tanuri la chokaa, kwa mashamba. Kisiwa cha Maziwe kilichoko mbele yetu baharini kilikuwa na mivinje na kasa wengi walipanda kutaga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ilikwisha, mchanga ukaondoka, na nilipokuja niliwakuta wavuvi wanakisimulia kama marehemu. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo pwani ina majeraha mengi na hayakutoka mkono mmoja. Lakini maji ya mto yakipungua kila jeraha linakuwa bichi.

Anayetaka ushahidi kwamba mto wa huku ulikuwa mtamu kuliko leo aangalie historia ya miwa. Katika karne ya 19 kingo za chini za mto Pangani zilikuwa mashamba ya miwa, ya Waarabu, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na sukari yake iliuzwa nje. Bushiri bin Salim, aliyewainua watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa. Mua haupendi chumvi. Leo nani apande shamba la miwa kwenye kingo zilezile?

Sasa nirudi kwenye hilo neno kupotea. Maji yanayofika mlangoni yanafanya kazi, na kazi zake tunazila. Yanachanganyika na chumvi kwa kiasi ambacho mikoko inakitaka, mkoko, mchu, mkandaa, kila mmoja na mahali pake kulingana na chumvi anayoivumilia. Ndani ya mizizi hiyo ndimo kamba wadogo wanamokua kabla ya kutoka baharini, pamoja na watoto wa samaki ambao mkubwa wake utamkuta mnadani Tanga. Maji yanaleta udongo wa milimani, ndio rutuba ya matope yetu, na yanaleta mchanga unaojaza fukwe zinapoliwa na mawimbi. Mchanga mwingi wa milimani sasa unatua ndani ya Nyumba ya Mungu na haushuki tena. Mafuriko ya masika nayo yalikuwa na kazi. Yalikuwa yanafagia mto, yanausukuma ulimi wa chumvi mpaka nje kabisa, na kisima cha bavyaa kilikuwa kinapona kila mwaka. Bwawa linapoyashika mafuriko na kuyaachia kidogokidogo, ufagio huo unapungua nguvu. Mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998, uliotutia hasara kubwa za barabara na mazao, nakumbuka pia kwamba baada yake tulikunywa maji ya kisima karibu mwaka mzima.

Hata huko kati, kabla ya kufika kwetu, maji hayo yana kazi. Matete ya Kirua yalikuwa yanafurika kila masika na samaki wanazaliana humo. Tangu bwawa lianze kushika maji eneo hilo limesinyaa. Perege wa bonde hili wako wa aina ambazo hazipatikani kwingine duniani, wamo Jipe na wamo mtoni. Halafu kuna umeme. Nyumba ya Mungu kuna mitambo ya megawati 8 tangu 1968, Hale megawati 21 tangu 1964, na maporomoko ya Pangani megawati 68 tangu katikati ya miaka ya 1990. Tone lililotoka bwawani linazungusha mitambo mara tatu, na mitambo hailinywi. Likishaizungusha linaendelea na safari, linakuja kwetu kusukuma chumvi. Nilimwandikia kaka yangu hivi: tone hilo limefanya kazi nne kabla ya kulala, wewe unaliita la bure?

Kaka akanijibu kwa sauti, maana hapendi kuandika. Akasema mahindi yake hayali umeme wala kamba. Ni kweli. Ana watoto wa kusomesha na shamba lenye vumbi, na mimi ni dada yake, sitamwambia avumilie kiu ili minazi yangu ipate dafu. Ila nilimwuliza maswali ambayo ningependa na msomaji wa Moshi ayajibu. Mifereji mingapi huko juu imesakafiwa, na mingapi ni udongo mtupu, ambamo maji mengi yananyonywa njiani kabla ya kuona shamba? Mashamba mangapi yanamwagiliwa saa saba mchana, jua likiwa utosini? Ni wangapi wanachukua maji kwa kibali, na kati ya hao ni wangapi wanachukua kiasi kilichoandikwa kwenye kibali? Bwawani nako jua linakula maji kila siku kwenye uso ule mpana, na hakuna anayeita hayo kupotea. Maji yaliyopotea kweli yako huko. Yatafutwe kwanza huko, kabla ya kuja kuyachukua mlangoni kwetu yakiwa kazini.

Tena hili si suala la huruma kwa watu wa pwani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mpangilio: kwanza maji ya binadamu ya kunywa na kutumia nyumbani, pili maji ya kutunza mazingira ya mto wenyewe, ndipo vinafuata kilimo, viwanda na mengine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaitia nguvu. Bonde la Pangani lilikuwa la kwanza nchini kuwekewa ofisi yake ya maji, mwaka 1991, yenye makao Moshi. Kwa hiyo maji ya kuuweka mto hai mpaka baharini yana nafasi ya pili kwenye foleni, mbele ya mpunga na mbele ya minazi yangu. Nimeyasema haya kwenye mkutano mmoja wa wadau nilioalikwa miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa mtu pekee kutoka huku chini kwenye meza yetu. Walinisikiliza kwa adabu, wakaandika, na ilipofika kugawa namba za mahitaji, kila mkoa ulisoma hekta zake, viwanda vikasoma vyake, mitambo ikasoma yake. Mlango wa mto haukuwa na mtu wa kuusomea. Niliinua mkono nikauliza, "Na bahari imeandikiwa kiasi gani?" Watu walicheka. Sikuuliza kwa kuchekesha.

Kwetu Bangalala shamba la mwisho lilikuwa la mjane mmoja. Maji yalikuwa yanamfikia yakiwa yamechoka, kamba tu ya maji mfereji mzima. Ilikuwa kanuni kwamba siku ya zamu yake ndiva haifunguliwi kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa dakika ya kuchovya ndoo, kwa sababu aliyeko mwisho ndiye anayeumizwa na kila mkono unaogusa njiani. Hakuna aliyemwambia kwamba shamba lake linapoteza maji. Alikuwa na zamu. Ninachoomba ni bahari iandikwe kwenye orodha ya zamu vivyo hivyo, kwa namba, kwa mwezi, hasa miezi ya kiangazi: kiasi fulani lazima kipite chini ya maporomoko, na kikipungua mtu aulizwe, kama yule mzee wa Vudee alivyoulizwa.

Kwako wewe Mhariri nina ombi dogo. Kila wiki unachapisha bei za mahindi, maharage na mchele. Chapisha na kina cha maji cha Nyumba ya Mungu, pamoja na kiasi kinachopita Korogwe, walau mwezi mara moja kuanzia Januari hadi mvua zianze, na tena Septemba na Oktoba. Vipimo vinachukuliwa, viko kwenye madaftari ya wahusika. Mkulima wa Same akiviona, na mama wa Pangani akiviona siku hiyohiyo kwenye gazeti lilelile, tutaacha kubishana kwa kukisia. Na neno lile, nakuomba, mwandishi wako au msomaji wako akiandika tena kwamba maji yanapotea baharini, umuulize ameyaona yakipotea mahali gani.

Msomaji mwenzangu wa Moshi namkaribisha kwangu. Aje mwezi wa pili, siku za bamvua, asubuhi maji yakiwa yamejaa. Kisima kipo uani, kamba na ndoo vipo. Achote mwenyewe, aonje. Halafu saa ya kupwa nitampeleka mtoni, nimwonyeshe mahali mavyaa alipokuwa akisimama, naye achovye kidole. Kaka yangu nimeshamwambia aje naye, nauli ya kutoka Same nitalipa mimi, na amesema akimaliza kuvuna atakuja.

Mkulima wa minazi,
Pangani, Tanga